Tope la kuchimbia katika kisima chenye joto kali: jibu kwa mwanafunzi wa Kigumba

Swali: Msomaji anayesomea teknolojia ya petroli katika Taasisi ya Petroli ya Uganda, Kigumba, anauliza: "Mwalimu, darasani tumetengeneza tope la kuchimbia kwa bentonaiti (udongo unaovimba majini), polima (kemikali zenye minyororo mirefu) na baraiti (madini ya kuongeza uzito), tukalipima na likafaa. Hata hivyo nimesoma kwamba tope hilohilo halifai katika kisima chenye nyuzi 180. Ni nini hasa kinachoharibika, na anayebuni tope la kisima cha namna hiyo aanzie wapi? Tena, elimu hii ina kazi gani kwetu Uganda, ambako visima vya Buliisa na Kikuube havina joto kama hilo?"

Jibu:

Ndugu msomaji, nianze na jambo ambalo wanafunzi wengi, na hata wahandisi kadhaa, hulipita bila kuliona. Anayebuni tope kwa kawaida hulifikiria lile linalozunguka, yaani lile linaloshuka ndani ya mabomba, likatokea kwenye biti, yaani chombo kinachokata mwamba, na kupanda tena likiwa limebeba vipande vya mwamba, kwa sababu ndilo analoliona matangini na ndilo analolipima kila baada ya saa chache. Katika kisima chenye joto kali tope hilo si tatizo kubwa, kwani kuzunguka kwenyewe hulipoza. Tope linalotia kazi hasarani ni lile lililolala chini ya kisima pampu zikiwa zimezimwa, kwa nusu siku, kwa siku nzima, wakati mwingine kwa siku mbili tatu, mabomba yakitolewa ili biti ibadilishwe au vyombo vya vipimo vikiteremshwa kwa waya. Hilo hupashwa moto hadi lifikie joto la mwamba wenyewe, na hakuna anayejua limekuwaje mpaka lirudi juu. Kwa hiyo tope la kisima cha aina hii hubuniwa kwanza kwa ajili ya saa ambazo halisogei, kisha ndipo hutazamwa kama litafaa pia kwa saa za mzunguko. Karibu kila uamuzi nitakaoueleza unatokana na mpangilio huo.

Katika kazi yetu kisima huhesabiwa kuwa cha joto kali na shinikizo kubwa pale joto la chini linapozidi nyuzi 150 za Selsiasi na shinikizo linapozidi pauni 10,000 kwa inchi ya mraba, ambazo ni sawa na bar 690 hivi. Vipo visima vilivyovuka mpaka huo kwa mbali: maeneo ya Elgin na Franklin katika Bahari ya Kaskazini, upande wa Uingereza, yana miamba yenye joto la karibu nyuzi 190 na shinikizo la awali la takriban bar 1,100. Wala joto la chini halikisiwi kirahisi. Wanasayansi wa Kisovieti waliochimba kisima cha Kola, kilichofikia mita 12,262 mwaka 1989, walitarajia kukuta nyuzi 100 hivi katika kina hicho, wakakuta 180. Ndiyo maana hatua ya kwanza ya ubunifu haiko maabara, iko kwenye takwimu za joto za visima vya jirani, na mbuni makini huongeza akiba juu ya kadirio alilopewa na wanajiolojia badala ya kulipokea kama lilivyo.

Tuchukue kisima cha kubuni chenye kina cha wima cha mita 4,500, mahali ambapo joto la juu ya ardhi ni nyuzi 25 na huongezeka kwa nyuzi 35 kila kilomita. Chini tutakuta nyuzi 182 na nusu. Hilo ni joto la mwamba uliotulia. Pampu zikifanya kazi, tope la matangini linashuka likiwa na ubaridi wake na joto la chini linaweza kupungua kwa makumi ya nyuzi, huku sehemu yenye joto kubwa zaidi ikihamia juu kidogo ya biti, kwa sababu tope linalopanda huendelea kupokea joto la ukuta kwa muda kabla ya kuanza kulitoa. Fundi anayetumbukiza kipimajoto kwenye mfereji wa kurudishia tope na kusoma nyuzi 70 hajapima lolote kuhusu hali ya chini. Ameupima tu mwisho wa safari.

Sasa tuje kwenye shinikizo. Shinikizo la safu ya tope, kwa bar, ni 0.0981 mara msongamano wa tope ukilinganishwa na maji, mara kina cha wima kwa mita. Tuseme vimiminika vilivyomo katika mwamba vinahitaji tope la 1.75 ili vizuiwe visiingie kisimani, na mwamba wenyewe unapasuka tope likifikia 1.86. Katika kina chetu hayo ni bar 773 na bar 821, kwa hiyo nafasi yote tuliyo nayo ni bar 48 hivi. Tope la 1.80 linatupa bar 795, ambazo ni 22 juu ya mpaka wa chini. Pampu zikiwashwa, msuguano wa tope linalopanda unaweza kuongeza kiasi cha 0.04, tukafika 1.84 na kuusogelea mwamba kupasuka.

Lakini hiyo 1.80 ni ya wapi? Uliipima juu, kwenye mizani ya tope, likiwa na nyuzi 50 au chini ya hapo. Kisimani joto hulitanua tope na shinikizo hulibana, na pale joto linapopanda upesi kuelekea chini, kwa kawaida joto ndilo hushinda. Maji safi yanatosha kuonyesha ukubwa wa jambo: msongamano wake ni kilo 998 kwa mita ya ujazo kwenye nyuzi 20, 958 kwenye nyuzi 100, na 865 kwenye nyuzi 200 yakiwa yamezuiwa tu yasichemke. Mafuta hutanuka zaidi ya maji, na pia hubanika zaidi. Ikiwa wastani wa msongamano kutoka juu hadi chini umeshuka kwa 0.03 tu, umepoteza bar 13 kati ya zile 22 ulizodhani ziko kati yako na gesi. Kwa sababu hiyo mbuni hahesabu kwa msongamano wa matangini. Hupima jinsi kimiminika cha msingi kinavyotanuka na kubanika katika joto na shinikizo la kisima, akaingiza vipimo hivyo katika programu ya hesabu, kisha akatoa kwa watu wa rigi, yaani mtambo wa kuchimbia, jedwali linaloonyesha msongamano wa juu unaotakiwa kwa kila joto la matangi.

Kutanuka huko kuna sura nyingine ambayo kila anayefanya kazi kwenye rigi anapaswa kuijua. Pampu zikizimwa, tope la chini linapashwa moto, linatanuka, na kisima kinaanza kutoa tope kidogo juu hata kama hakuna gesi iliyoingia. Kwa macho, dalili hiyo haina tofauti na mwanzo wa gesi kuingia kisimani. Tofauti iko katika mwendo wake: mtiririko wa kutanuka hupungua kadiri dakika zinavyopita, na ule wa gesi huongezeka. Ndiyo sababu katika visima hivi huandikwa kiasi kinachorudi kila mara bomba jipya linapoungwa, ili pawe na kumbukumbu ya kulinganisha. Na mpaka ithibitike vinginevyo, kisima kinachotoa tope pampu zikiwa zimezimwa huchukuliwa kuwa kimeingiwa na gesi, na hufungwa. Hilo halina mjadala.

Sasa nikujibu moja kwa moja ulipouliza ni nini kinachoharibika.

Kinachotangulia ni polima. Wanga, ambao hutumika kupunguza maji yanayochujwa kuingia kwenye mwamba, unaanza kuvunjika karibu na nyuzi 120, na katika kisima chetu hautadumu hata siku moja. Zanthani, inayolipa tope uwezo wa kushikilia vipande likiwa limetulia, ina umbo la msokoto ambalo huyeyuka likifikia joto fulani. Katika maji ya kawaida mpaka wake wa matumizi uko pia karibu na nyuzi 120, na huongezeka ukiilinda vizuri. Selulosi zilizorekebishwa huvumilia hadi kama nyuzi 140 au 150. Njia za uharibifu ni mbili: maji yenyewe hukata minyororo ya polima kwa haidrolisisi, na oksijeni iliyoingia na hewa wakati wa kuchanganya huikata kwa uoksidishaji. Hii ya pili inazuilika kwa gharama ndogo, nayo ndiyo hupuuzwa zaidi. Tope linalochanganywa kwa kumwagwa kutoka juu, likatoa povu jingi, hujaza oksijeni ambayo italipiwa chini. Dawa za kuondoa oksijeni zipo, na oksidi ya magnesiamu husaidia kuushikilia uwezo wa alkali kwenye pH ya 9 hadi 10, lakini mkono wa mchanganyaji ndio wa kwanza.

Zaidi ya nyuzi 150 hubakia polima za kutengenezwa viwandani, hasa zile zenye kundi la salfoneti kwenye mnyororo, ambazo hustahimili nyuzi 200 na zaidi na hazitishwi sana na chumvi au kalsiamu. Ni ghali, na nyingine huchukua muda kuanza kufanya kazi, kwa hiyo usizihukumu kabla hazijapashwa moto. Poliakrilamaidi ya kawaida inahitaji tahadhari: joto huigeuza polepole kuwa akrileti, na akrileti ikikutana na kalsiamu hujitenga na kuzama.

Baada ya polima huja bentonaiti, nayo huharibika kwa namna iliyo kinyume. Polima zikivunjika tope huwa la majimaji kupita kiasi, bentonaiti ikiharibika tope huwa nene lisilosogea. Chembe zake, zilizotawanyika vizuri katika maji ya baridi, zikifika kwenye joto kali hushikana, na tope lililotulia huganda kama uji uliolala. Anayewasha pampu baada ya hapo hulazimika kutumia shinikizo kubwa ili kulivunja, na shinikizo hilo huusukuma mwamba. Kumbuka tulikuwa na bar 48 tu. Hali huwa mbaya zaidi tope likiwa na chokaa nyingi: joto, chokaa, udongo na silika vikikutana hutengeneza silikati za kalsiamu, na unachokipata chini kina tabia ya saruji. Zamani wengi walitegemea lignosulfonati ili kulilainisha tope, lakini nayo huvunjika karibu na nyuzi 150 na zaidi, ikiacha kaboni dioksidi na salfidi ya haidrojeni. Kaboni dioksidi huzaa kabonati zinazoongeza kuganda kulekule ulikokuwa unakuponya. Lignaiti huvumilia zaidi.

Kwa hiyo katika tope la maji la kisima cha joto kali mimi huiweka bentonaiti kwa kiasi kidogo sana, chini ya nusu ya kile mlichotumia darasani, na kazi ya kushikilia vipande naikabidhi kwa polima za viwandani au kwa sepiolaiti, udongo ambao hautegemei kutawanyika kwa chembe bapa na kwa hiyo haugandi kwa namna hiyo. Wajerumani walipochimba kisima chao cha utafiti cha KTB, kilichofika mita 9,101 mwaka 1994 katika joto la karibu nyuzi 265, walitumia udongo wa kutengenezwa kiwandani kwa sababu ile ile. Na udongo usioutia wewe ni hatari zaidi kuliko ule unaoutia. Vumbi la mwamba linalosagwa na biti likipenya chekecheke na sentrifuji hujilimbikiza siku hadi siku, nalo huganda vilevile. Tope lililobuniwa vizuri, likaachwa libebe zaidi ya asilimia 5 au 6 ya vumbi hilo kwa ujazo, limeshabadilika kuwa tope jingine ambalo hakuna aliyelibuni.

Utaniuliza kwa nini basi tusitumie mafuta badala ya maji. Mara nyingi hutumiwa, na kwa visima vya nyuzi 180 tope la mafuta, ambamo maji ya chumvi hubaki kama matone madogo ndani ya mafuta kwa uwiano wa 80 kwa 20 au 90 kwa 10, huwa chaguo la kwanza la kampuni nyingi. Halivurugi miamba ya udongo, hulainisha mabomba, na viambata vyake vikichaguliwa vizuri huvumilia nyuzi 200. Matatizo yake ni ya namna nyingine. Mafuta huwa mepesi sana yakipata joto na mazito yakibanwa, hivyo mnato, yaani ugumu wa kumiminika, uliopimwa juu hauelezi mnato wa chini. Udongo uliotiwa kemikali ili ukubaliane na mafuta huchoka karibu na nyuzi 180, na viunganishi vinavyozuia matone ya maji yasiungane vinataka akiba ya chokaa wakati wote. Jambo linalonitia hofu zaidi ni gesi: metani huyeyuka ndani ya mafuta, ikapanda kimyakimya bila kuongeza ujazo matangini, kisha ikajitenga karibu na juu, wakati muda wa kuamua umekwisha. Na kuna vipande vya mwamba vinavyotoka vimelowa mafuta. Katika eneo kama la Buliisa, penye wakulima, wavuvi na Hifadhi ya Murchison Falls, kila tani ya vipande hivyo lazima iwe na mahali pa kupelekwa na njia ya kusafishwa inayokubaliwa na NEMA, mamlaka ya mazingira ya Uganda, kabla tangi la kwanza halijachanganywa. Mbuni anayeacha suala hilo kwa idara nyingine hajamaliza kazi yake.

Kuna njia ya tatu, nayo ni chumvi za asidi ya fomiki. Fomati ya potasiamu iliyoyeyuka katika maji hufikia msongamano wa karibu 1.57 bila chembe ngumu yoyote, na ile ya sesiamu huvuka 2.2. Hupandisha joto ambalo zanthani huvumilia, hupunguza oksijeni, na kwa kuwa uzito wake uko ndani ya maji yenyewe, hakuna kitu cha kuzama. Ningependa kuisifu zaidi, lakini sesiamu ni ghali kiasi kwamba kimiminika hicho kwa kawaida hukodishwa badala ya kununuliwa, na kisima kikianza kumeza tope bajeti yote huenda nacho.

Hapo nimegusa kuzama, na hapa nataka ukae kidogo, kwa sababu ndipo saa za utulivu zinapoonyesha makali yake. Baraiti ina msongamano wa kama 4.2, na katika tope la 1.80 ipo nyingi sana. Tope likipoteza mnato wake kwa joto, baraiti hushuka. Katika kisima kilichosimama wima hushuka polepole. Katika kisima kilicholala, hasa kati ya digrii 45 na 65 kutoka wima, umbali wa kushuka ni upana wa kisima tu: chembe zikifika ukuta wa chini hujipanga, tabaka hilo huteleza kwa pamoja kuelekea biti, huku kimiminika chepesi kikipanda kando ya ukuta wa juu na kuichochea teleza hiyo. Pampu zikiwashwa unaona msongamano unaorudi ukishuka hadi 1.72, kisha ukipanda hadi 1.95, kisha ukirudi 1.80, na kwa kila badiliko shinikizo la chini limehama. Wengi hujibu kwa kuongeza mnato wa jumla, jambo linaloongeza msuguano na kula zile bar chache zilizobaki. Kinachotakiwa ni mnato wa kasi ndogo, ule unaosomwa kwenye mizunguko 6 na 3 kwa dakika ya viskomita (kipimo cha mnato), bila kuugusa sana ule wa mizunguko 600 na 300. Njia nyingine ni kuzibadili chembe zenyewe: baraiti iliyosagwa hadi mikroni chache, au oksidi ya manganizi yenye chembe ndogo za mviringo na msongamano wa 4.8, huzama polepole mno na huongeza msuguano kidogo tu.

Upimaji sasa. Vipimo vya kawaida, mnato kwenye nyuzi 49 kwa tope la maji au 65 kwa tope la mafuta, na uchujaji wa dakika 30 kwa shinikizo la pauni 100 kwa inchi ya mraba, ni vya kufuatilia kazi ya kila siku. Havikubali wala kukataa tope la joto kali. Ili kulikubali, tope hutiwa katika silinda ya chuma cha pua, hujazwa naitrojeni yenye shinikizo ili maji yasichemke, kwani mvuke wa maji kwenye nyuzi 180 una shinikizo la bar 10, kisha huzungushwa kwenye oveni kwa saa 16 katika joto la kisima. Hiyo huiga mzunguko. Silinda nyingine haizungushwi kabisa. Huwekwa wima, au kwa pembe ya kisima ukiwa na kishikizo chake, kwa muda wote ambao mabomba yanaweza kukaa nje pamoja na akiba: saa 48, saa 72.

Kuifungua silinda ya pili ndiko kunakofundisha. Iache ipoe kabisa na utoe shinikizo kwa vali kwanza, kwa maana wapo walioungua uso kwa haraka ya dakika kumi. Nusa. Harufu ya sukari iliyoungua inatoka kwa polima zilizokufa, na harufu ya mayai yaliyooza ni onyo kwamba salfidi imezaliwa ndani, hivyo ondoka upate hewa. Tazama juu: je, kuna tabaka la kimiminika cheupe au chenye rangi ya chai, na lina kina gani? Shusha ufito wa kioo taratibu. Ukizama kwa uzito wake mpaka chini, vizuri. Ukikwama katikati, tope limeganda. Ukishuka vizuri kisha ukagota kwenye kitu kigumu sentimita mbili kutoka chini, hiyo ni baraiti iliyojipanga, na usijidanganye kwa kulikoroga kwanza ndipo ulipime mnato, kwa sababu kisimani hakuna wa kulikoroga. Pima pH vilevile. Tope lililoanza na 10 na likatoka na 8 limekula alkali yake, na kuvunjika kutaendelea. Baada ya hapo fanya uchujaji wa joto kali, kwa tofauti ya pauni 500 na shinikizo la nyuma kwenye chombo cha kupokelea ili maji yaliyochujwa yasigeuke mvuke, na kwa kuwa eneo la chujio ni nusu ya lile la kawaida, zidisha ulichopata mara mbili. Tazama pia utando uliobaki: mwembamba na unaopindika unafaa, mnene na laini utayashika mabomba ukutani.

Viskomita ya shinikizo na joto hukamilisha picha kwa kupima mnato hali halisi ikiigwa, lakini ni mashine ghali, na maabara isiyo nayo bado inaweza kukataa michanganyiko mingi mibovu kwa oveni na silinda peke yake.

Kuhusu Uganda, uko sahihi. Visima vya Tilenga, vinavyoendeshwa na TotalEnergies katika Buliisa na Nwoya, na vya Kingfisher, vinavyoendeshwa na CNOOC katika Kikuube, viko mbali na nyuzi 150. Tatizo letu maarufu ni la baridi: mafuta yetu yana nta nyingi, na ndiyo maana bomba la kilomita 1,443 kutoka Kabaale, Hoima, hadi Chongoleani, Tanga, limebuniwa kupashwa moto njia nzima. Hata hivyo visima vya Kingfisher vinaanzia nchi kavu na kulala chini ya Ziwa Albert, na kisima kilicholala kinazamisha baraiti hata kwenye joto la wastani. Yale ya pembe, mnato wa kasi ndogo na saa za utulivu yanakuhusu tangu siku utakapoingia kazini.

Sehemu nyingine ni jotoardhi. Kibiro, ambako akina mama huvuna chumvi kando ya chemchemi za moto chini ya ukingo wa bonde, Panyimur, Buranga na Katwe yote ni maeneo yanayotafitiwa. Ukifika huko usibebe kichwani tope la visima vya petroli. Olkaria nchini Kenya, ambako baadhi ya visima huzidi nyuzi 300, tope la bentonaiti hutumika sehemu za juu, na kwenye mwamba wenye mvuke huchimbwa kwa maji, maji yenye hewa au povu, kwa sababu mwamba huo una nyufa zinazomeza kila kitu na tope lingeziziba nyufa zilezile tunazozitafuta. Waiceland walipokamilisha kisima chao cha utafiti wa jotoardhi cha IDDP-2 mwezi Januari 2017, chenye kina cha mita 4,659 na joto lililopimwa la nyuzi 426, sehemu kubwa ya chini ilichimbwa bila kipande hata kimoja kurudi juu. Walimimina maji, maji ya baridi, mfululizo, na katika kazi ya namna hiyo kusimama kwa pampu ndiko hatari ya kwanza.

Kwa sasa fanya zoezi hili ikiwa maabara yenu ina oveni. Tengeneza tope la 1.80 kwa mchanganyiko wa darasani, gawa katika silinda mbili, moja izungushwe saa 16 kwenye nyuzi 120 na nyingine isimame saa 48 kwenye joto hilohilo. Kutoka ile iliyosimama, vuta sampuli ya juu na ya chini kwa bomba la sindano bila kukoroga, pima msongamano wa kila moja, kisha gawanya wa chini kwa jumla ya yote mawili. Ikiwa hakuna kilichozama utapata 0.50. Kwa 1.72 juu na 1.95 chini utapata 0.531, na kuanzia 0.53 tope halikubaliki. Badilisha kitu kimoja tu, kwanza wanga uondoke na selulosi ichukue nafasi yake, kisha punguza bentonaiti kwa nusu, na baada ya kila badiliko linganisha usomaji wa mizunguko 3 kabla na baada ya oveni. Ukishaona ni lipi kati ya mabadiliko hayo lililoshusha ile namba, panda hadi nyuzi 150 na urudie.